Upele wa simbilisi: dawa ipo, kipimo hakuna

Ukiniona leo nikitumia nafasi hii ya afya kuzungumza juu ya simbilisi, usidhani nimeishiwa na mambo ya kusema. Najua kuna malaria, kuna kisukari, kuna shinikizo la damu, na yote hayo yameandikwa hapa na watu waliosoma kuniliko. Lakini kisa ninachotaka kukueleza kilianzia kwenye manyoya ya mnyama mdogo jikoni mwangu kikaishia kwenye mikono ya mjukuu wangu, na katikati yake mnyama mmoja akafa kifo ambacho hakikuwa cha lazima. Nikaona si vyema ninyamaze.

Simbilisi ni yule mnyama mdogo mnene, asiye na mkia, ambaye ukimtazama kwa haraka utamdhania sungura aliyepunguzwa masikio. Wengi wetu Kenya tunamwita kwa jina lake la Kiingereza. Huku kwetu magharibi mwa nchi ni mnyama wa watoto. Hufugwa chini ya meza au katika sanduku la mbao pembeni mwa jiko, na kila anaposikia kisu kikikata sukuma wiki hupiga mluzi hadi apewe chake. Asili yake ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, ambako watu wamemfuga kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka. Huko Kivu nchini Kongo, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wapo wanaomla mpaka leo. Sisi hatumli. Na kwa kuwa hatumli, hatumkamui, wala halindi boma, hakuna mtu anayemhesabu kuwa mfugo. Akiugua, huwa ameugulia kwa mtoto tu.

Mjukuu wangu, ambaye ana umri wa miaka 10, alikuwa nao watatu: Mandazi, Malkia na Kifaru. Baada ya kununua Kifaru sokoni, ilipita kama majuma matatu, Mandazi akaanza kujikuna. Kwanza tulicheka. Kisha manyoya yakaanza kutoka mgongoni na mabegani, ngozi ikawa nene yenye magamba ya rangi ya manjano, na mapajani kwa ndani akajichuna hadi damu. Akiguswa mgongoni alipiga kelele kama aliyechomwa moto. Siku moja alijikuna kwa nguvu mno akaanguka ubavu, miguu ikitikisika kama ya mtu mwenye kifafa. Mtoto akaja mbio akilia, "Babu, Mandazi anakufa!"

Daktari wa mifugo aliye karibu nasi yuko mjini, safari ya matatu mbili, na hata huko kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa. Basi nikafanya lile ambalo wewe pia ungefanya. Nilimtia Mandazi katika kikapu nikaenda naye hadi duka la dawa za mifugo hapo sokoni. Kijana muuzaji alimtazama mnyama mara moja, hakuuliza uzito, hakuuliza umri, hakuuliza anakula nini. Akachukua chupa yenye dawa nyeupe kama maziwa, akavuta kwa macho, akamdunga. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni dawa kali. Hata ng'ombe aliyelala huamka."

Kwa siku mbili Mandazi alikuwa kimya. Siku ya tatu akakataa majani, akaanza kuharisha maji. Siku ya nne asubuhi tulimkuta amekauka. Mjukuu wangu alimzika chini ya mpera, akaniuliza kama ni upele uliomuua. Nikamjibu kuwa ndiyo, kwa kuwa wakati huo hivyo ndivyo nilivyoamini.

Sivyo ilivyokuwa. Ile dawa nyeupe ilikuwa mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, dawa njema sana kwa ng'ombe na mbuzi, na sumu kwa simbilisi. Utumbo wa mnyama huyu unategemea bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga majani. Penisilini, na ndugu zake kama ampisilini na amoksisilini, huwaua hao wazuri na kuwaacha wabaya wakazaana na kutoa sumu, na mnyama akafa kwa kuharisha katika siku chache. Streptomaisini nayo ina madhara yake kwake. Tena, hata kama ingekuwa salama, isingemsaidia kitu, kwa maana dawa ya bakteria haiui vidudu vya ngozi. Alidungwa dawa isiyo ya ugonjwa wake, nayo ikamuua. Kama una simbilisi nyumbani, hilo lishike hata ukisahau mengine yote ya leo.

Vidudu vyenyewe ni jamii ya utitiri, ila si ule utitiri wa kuku tunaouona ukitembea kwenye viota. Hivi ni vidogo mno, havionekani kwa macho, navyo huchimba mashimo ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Wataalamu wanaviita Trixacarus caviae. Viligunduliwa na kupewa jina mwaka wa 1972, kwa hiyo si ajabu kwamba wazee wetu hawakutuachia jina la ugonjwa huu. Huambukizwa kwa simbilisi kugusana na simbilisi mwenzake. Mnyama anaweza kuvibeba kwa muda bila kuonyesha dalili yoyote, kisha akapata mimba, au akakosa chakula chema, au akahamishwa makao, na mara moja upele ukalipuka. Ndivyo Kifaru alivyotuletea zawadi kutoka sokoni huku mwenyewe akiwa bado anang'aa.

Majuma mawili baada ya mazishi, Malkia naye akaanza. Nikarudi dukani. Safari hii kijana alikuwa amejisomea, nampa haki yake. Akasema hiyo ni kazi ya ivermektini. Na alisema kweli. Ivermektini ndiyo dawa inayotumiwa na madaktari duniani kote dhidi ya vidudu hivi. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka wa 1981, nayo imetokana na bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani. Wanasayansi wawili waliohusika, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa kuwa dawa hiyo imeokoa macho ya mamilioni ya watu kutokana na upofu wa mtoni. Basi tatizo halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa kwamba kijana alichukua bomba la kudungia ng'ombe, akavuta nusu mililita, akaniambia nimshike Malkia vizuri.

Mjukuu wangu alikuwa kando yangu. Akauliza, "Babu, hiyo si ndiyo tuliyomdunga ndama?" Kijana akacheka, akasema hii ni kidogo. Lakini mimi tayari nilikuwa nimemzika mmoja. Nikamwambia asubiri, nikatoka nje nikampigia simu mzee mmoja ninayemfahamu, aliyefunzwa zamani katika chuo cha afya ya mifugo cha AHITI na kuitumikia serikali miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipomweleza, jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Mwalimu, una mizani?"

Hebu tufanye hesabu aliyonifanyia, maana yote ninayotaka kusema yamo ndani yake. Ivermektini ya sindano inayouzwa kwa kawaida ni ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10 za dawa. Kwa ng'ombe, maagizo ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Malkia alipopimwa alikuwa na gramu 800. Simbilisi hupewa kati ya miligramu 0.2 na 0.4 kwa kilo. Tuchukue hiyo ya juu: 0.4 mara 0.8 ni miligramu 0.32. Ukiigawa kwa 10 unapata mililita 0.032. Haifiki hata tone moja la maji! Ile nusu mililita iliyokuwa ikimngoja kwenye bomba ni dozi ya ndama wa kilo 25. Malkia angepewa zaidi ya mara 15 ya kipimo chake cha juu kabisa, na kijana bado angeona amemhurumia.

Bomba la ng'ombe haliwezi kupima mililita 0.032 hata likishikwa na malaika. Mzee akanituma duka la dawa za binadamu nikanunue bomba la insulini, lile dogo linalotumiwa na wagonjwa wa kisukari, lililoandikwa 100. Mililita moja ya bomba hilo imegawanywa katika vipimo 100, kwa hiyo kila kipimo ni mililita 0.01. Dozi ya Malkia ikawa vipimo 3. Mizani tuliipata kwa mwenye duka la rejareja, ile ya kupimia sukari; alikubali tumpime Malkia ndani ya katoni baada ya kuahidiwa kwamba hatakojoa. Kisha mzee akaja mwenyewe jioni akamdunga chini ya ngozi, yeye na Kifaru pia, ingawa Kifaru alikuwa bado hajionyeshi mgonjwa. Kazi yote ilikuwa ya dakika 10.

Sikuelezi haya ili ujifanye daktari. Sindano ipigwe na mtu aliyefunzwa, kwa sababu mnyama huyu ana ngozi ngumu, huruka, na sindano ikipita pasipofaa unaweza kumtoboa asiyepaswa kutobolewa, wewe mwenyewe ukiwemo. Mwenye mimba na mchanga sana wasiguswe kabla ya kumuuliza anayejua. Ninayaeleza ili ukisimama mbele ya muuzaji ujue la kuuliza. Muulize: ni ivermektini tupu ya asilimia 1, au imechanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini? Mnyama wangu amepimwa? Unapima kwa bomba gani? Ukiona anavuta kwa macho, mchukue mnyama wako uende. Wala usikubali achanganye dawa hiyo na maji ili "iwe nyepesi", kwa kuwa haichanganyiki sawasawa na maji, na tone moja litakuwa na dawa na lingine halina.

Sindano moja haitoshi, na hapa ndipo wengi huharibu. Dawa huua vidudu vilivyo hai lakini mayai huyaacha. Baada ya siku kadhaa mayai huanguliwa na kazi huanza upya. Ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14, mara mbili au tatu, hata kama mnyama anaonekana amepona. Na wote walioishi pamoja hutibiwa siku moja. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake kwa sababu "huyu hana kitu", umepoteza dawa yako.

Kuna mambo mengine yanayofanana na upele huu, na ivermektini haiyagusi. Mashilingi, ambayo wengine huita choa, huanza aghalabu usoni, puani na kandokando ya macho, yakiwa mabaka yaliyokatika manyoya, na mara nyingi mnyama hajikuni sana. Hayo ni ukungu, yana dawa yake, nayo huwashika watoto kwa urahisi. Chawa wa simbilisi nao wapo, lakini ukifunua manyoya penye mwanga utawaona wakitembea. Halafu kuna ukosefu wa vitamini C. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Sungura anaweza, yeye hawezi. Akilishwa nyasi kavu na pumba tu, manyoya huwa kama ya mnyama aliyenyeshewa, viungo humuuma, hukaa pembeni hataki kutembea, na ufizi hutoka damu. Mnyama wa namna hiyo ndiye upele humwangusha upesi. Anahitaji angalau miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na zaidi akiwa mgonjwa au mjamzito. Huku kwetu hilo si la kununua dukani. Sukuma wiki mbichi, hoho, na kipande cha pera vinatosha. Mapera yana vitamini C mara kadhaa kuliko machungwa. Mpera uliomfunika Mandazi ungeweza kumsaidia zaidi akiwa hai.

Sasa nije kwenye yale yanayofanywa vijijini wakati hakuna wa kumuuliza. Nimeona mtoto wa jirani akimpaka simbilisi mafuta machafu ya injini, kwa sababu baba yake huwapaka nguruwe. Mnyama huyu hujiramba mwili mzima. Mafuta hayo humwingia tumboni, na ngozi ambayo tayari ina vidonda huungua. Nimesikia wengine wakimtumbukiza katika maji ya dawa ya kuoshea ng'ombe kupe. Dawa hizo hupimwa kwa pipa na kwa mnyama wa mamia ya kilo. Kiumbe cha gramu 800 hakina pa kuziweka. Hata zile dawa za matone za kuua viroboto vya mbwa na paka si zote zinazomfaa. Fipronili, kwa mfano, inafahamika kuwaua sungura, na madaktari huiepuka kwa simbilisi pia. Na kumsugua magamba kwa sabuni na brashi ni kumtesa bure, tena kunaweza kumletea ule mtikisiko wa kifafa. Magamba hudondoka yenyewe vidudu vikifa. Linalofaa ni kumkata kucha za miguu ya nyuma kidogo, asijichune, na kumshika kwa upole, tena kwa nadra, mpaka nafuu ije.

Sanduku nalo lioshwe. Tulitoa nyasi zote tukazichoma, tukamwagia mbao maji yanayochemka, tukalianika juani kutwa nzima kabla ya kuweka nyasi mpya. Tulirudia kila siku ya sindano. Lile la zamani lenye nyufa nyingi nililivunja kuni.

Nilisema kisa kiliishia mikononi mwa mjukuu wangu. Katika juma lile Mandazi alipokuwa akiumwa, mtoto alikuwa akimkumbatia mchana kutwa. Akaota vipele vidogo vyekundu mikononi na tumboni, vinavyowasha hasa pale alipokuwa akimlaza mnyama. Tulimpeleka kituo cha afya. Akapewa dawa ya kupaka ya upele wa binadamu, nasi sote nyumbani tukaambiwa tujipake, tukaloweka mashuka, tukafanya yote. Simlaumu aliyetuhudumia, foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya mlango, na upele ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angelifikiria. Lakini swali moja halikuulizwa: "Kuna mnyama nyumbani anayejikuna?" Vidudu vya simbilisi humrukia binadamu vikamuuma na kumwashia, ila haviwezi kuzaana kwenye ngozi yetu. Mnyama akitibiwa, muwasho wa mtoto huisha wenyewe baada ya muda. Usipomtibu mnyama, unaweza kumpaka mtoto dawa mwaka mzima na kila jumatatu vipele viko palepale.

Bila shaka si kila muwasho unatoka kwa simbilisi. Kama unawasha usiku zaidi, uko katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya viganja, na watu wa nyumba moja wanajikuna hata wasiomgusa mnyama, huo ni upele wa binadamu, na hospitali ndiyo mahali pake. Na ninakusihi, usimpe mtoto ile ivermektini ya ng'ombe kwa kuwa umesikia binadamu pia huitumia. Ni kweli Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya upele, lakini hiyo ni ya vidonge, hupimwa kwa uzito wa mtu na kutolewa na mhudumu wa afya. Mwaka wa 2021, wakati wa korona, watu katika nchi mbalimbali walikunywa ile ya wanyama wakaishia kulazwa. Makosa yao yalikuwa yaleyale ya yule kijana wa dukani: kumpima mmoja kwa kipimo cha mwingine.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu husema vijijini hakuna dawa. Dawa ipo! Katika soko letu dogo kuna maduka matatu ya dawa za mifugo, na yote yana ivermektini kwenye rafu. Chupa ndogo ya kawaida ni ya mililita 50. Ukipiga hesabu kwa dozi ya Malkia, chupa hiyo moja inaweza kuwadunga simbilisi zaidi ya 1,500. Nani mwenye akili timamu atanunua chupa nzima kwa wanyama wawili wa mtoto? Hakuna. Kwa hiyo mwenye mnyama humwomba muuzaji amvutie kidogo, na muuzaji, ambaye duka lake limepangwa kwa ajili ya ng'ombe, humvutia kwa chombo alicho nacho. Pengo liko kati ya chupa na mnyama, na pengo lenyewe ni bomba moja la insulini, mizani ndogo, na mtu mmoja aliyefunzwa kuvitumia.

Sheria inamtambua mtu huyo. Tangu mwaka wa 2011 tuna sheria inayowasajili madaktari wa mifugo na wasaidizi wao chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kazi ya kuhudumia mifugo mashinani ilikabidhiwa serikali za kaunti baada ya uchaguzi wa mwaka wa 2013. Vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu vinawafunza vijana. Lakini ukimuuliza anayeuza dukani siku ya soko, mara nyingi utaambiwa mwenye cheti "ametoka kidogo", na cheti chenyewe kinaning'inia ukutani kama picha ya harusi. Ninachokiomba si hospitali ya wanyama wadogo katika kila kata. Ninaomba yule mwenye cheti awe dukani angalau siku za soko, awe na mizani ya gramu na mabomba madogo, auze dozi iliyopimwa badala ya chupa, na aandike kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, na tarehe ya kurudi. Kaunti zinazotuma maafisa kuchanja ng'ombe zinaweza pia kuwakumbusha wauzaji kwamba penisilini haidungwi simbilisi. Karatasi moja ya kubandika ukutani ingetosha.

Najua nitakavyojibiwa, kwa maana nimekwisha kujibiwa. Rafiki yangu mmoja, mfugaji wa ng'ombe hodari, aliniambia, "Mwalimu, mnyama ambaye bei yake haifiki ya kuku unamhangaikia hivyo? Tupa, nunua mwingine." Sikumbishia juu ya bei. Nilimwambia kwamba huyo mwingine atanunuliwa sokoni palepale aliponunuliwa Kifaru, aje na vidudu vyake, na mtoto aanze tena kujikuna. Mgeni wa namna hiyo sasa tumeamua atakaa peke yake majuma matatu kabla ya kuwakaribia wenzake. Tena mtoto wa miaka 10 anajifunza nini akiona babu yake akitupa kiumbe kwa kuwa hakuna wa kukipima? Rafiki yangu hakunijibu, ila alitaka kujua bomba la insulini linauzwa wapi. Ana mbwa mwenye ukurutu. Nikamwambia mbwa apelekwe kwa daktari kwanza, kwa sababu kuna aina za mbwa ambazo ivermektini huweza kuwadhuru vibaya.

Wizara ya afya na ile ya mifugo zina kitengo cha pamoja kinachoshughulikia maradhi yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu. Husikika zaidi katika kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya Bonde la Ufa, na ni haki, kwa kuwa hayo huua. Upele wa simbilisi hauui mtu. Hata hivyo, swali lile moja kwenye chumba cha daktari, la kama kuna mnyama nyumbani, haligharimu hata senti. Vituo vingi vina darubini ya kupimia malaria. Ngozi ya mnyama iliyokwanguliwa kidogo ikiwekwa chini ya darubini hiyo, vidudu huweza kuonekana, ingawa wakati mwingine hukosekana hata vikiwapo. Sijui kama kuna anayeruhusiwa kuleta magamba ya simbilisi maabara bila kufukuzwa. Nitajaribu nikuarifu.

Malkia alidungwa mara ya pili baada ya siku 10. Kufikia hapo alikuwa ameacha kupiga kelele akiguswa, na magamba ya mgongoni yalikuwa yakidondoka kama unga wa mahindi. Vipele vya mjukuu wangu vimefifia vikabaki madoa. Sindano ya tatu ni Jumamosi hii, na mzee amenitaka nimpime upya kabla hajafika, kwa kuwa anasema mnyama aliyepona huongezeka uzito na dozi ya juzi si ya leo. Mwenye duka la rejareja ameshaniambia nilete katoni safi.